Binti yangu ana maji sikioni: tupande ndege kwenda Mombasa au tusipande?

*"Daktari, binti yangu ana miaka minne na yuko chekechea, PP1. Tangu Februari ameugua sikio mara tatu. Mara ya mwisho ilikuwa Julai, baridi ya Nairobi ilipokuwa kali, na sikio la kushoto likatoa usaha kwa siku mbili. Alimaliza antibiotiki siku tisa zilizopita. Homa imeisha na halii tena usiku, lakini daktari aliyemwona alisema usaha umekauka na kuna maji yamebaki nyuma ya kiwambo cha sikio. Wiki ijayo dada yangu anaolewa Mombasa na tumeshalipia ndege ya kwenda na kurudi. Desemba tuliposafiri hivyo hivyo, mtoto alipiga mayowe tangu ndege ilipoanza kushuka hadi tukatua. Alikuwa na mafua wakati huo. Baba yake anasema twende na treni. Jirani anasema kiwambo kitapasuka na mtoto awe kiziwi. Kwenye duka la dawa nimeshauriwa ninunue dawa ya maji ya kumlaza ili asihisi chochote. Mtoto mwenyewe siku hizi anakoroma, na kila saa anaongeza sauti ya televisheni. Nifanye nini?"*

Mama, nakujibu kwanza, maelezo yafuate. Kwa jinsi ulivyoieleza hali ya binti yako leo, anaweza kupanda ndege na sitarajii safari hiyo imharibie usikivu. Sharti ni moja: siku ya safari pua yake iwe wazi. Nimesema pua, sikusema sikio, na hiyo ndiyo sababu jibu langu litakuwa refu. Wazazi wengi wanaoniletea swali kama lako huwa wamelikodolea macho sikio, ilhali kinachoamua kama mtoto atafika Mombasa akicheka au akilia ni kijia chembamba kinachoanzia nyuma ya pua.

Umewahi kunywa maji ya chupa Nairobi, ukaifunga chupa tupu kwa kifuniko, kisha ukashuka nayo hadi Pwani? Ukiitoa mkobani Mombasa unaikuta imebonyea kana kwamba mtu ameikalia. Hakuna aliyeigusa. Hewa uliyoifungia humo Nairobi ni hafifu, na hewa ya Mombasa iliyo nje ni nzito zaidi, kwa hiyo inaibana chupa pande zote. Pakiti ya krispi iliyotoka Mombasa hufanya kinyume: ikifika Nairobi huwa imefura. Nyuma ya kiwambo cha sikio, ambacho wengi hukiita ngoma ya sikio, kuna chumba kidogo cha hewa kinachofanana na chupa hiyo. Tofauti ni kwamba Mungu amekipa chumba hicho kifuniko kinachoweza kufunguka.

Kifuniko chenyewe ni mrija wa Yustakio, unaotoka kwenye chumba hicho hadi nyuma ya pua, juu kidogo ya koo. Muda mwingi umejifunga. Tunapomeza mate au kupiga miayo, misuli midogo ya kaakaa huuvuta, ukafunguka kwa nukta moja na hewa ya pande mbili ikalingana. Ule mlio wa "pa" unaousikia gari likishuka kutoka Kinungi kuelekea Naivasha, au kwenye mteremko wa Mai Mahiu, ni mrija huo umefunguka. Wa mtu mzima ni mrefu na umeinama, ukawa rahisi kutiririsha na kufunguka. Wa mtoto ni mfupi, mwembamba na umelala karibu sambamba na ardhi. Kwa mtoto mchanga urefu wake ni kama nusu ya wa mtu mzima. Hukaribia umbo la utu uzima akiwa na miaka saba hivi. Tena nyuma ya pua, jirani na mdomo wa mrija huo, ndipo zilipo nyama za adenoidi, ambazo kwa watoto wa umri wa binti yako huwa kubwa kuliko wakati mwingine wowote. Mafua yakija, kila kitu hapo huvimba na mlango unakwama.

Sasa ndege. Ndege ikiwa juu sana haituachi katika hewa ya huko nje. Mitambo hushindilia hewa ndani, lakini si kwa kiwango cha nchi kavu ya Pwani. Katika ndege kubwa za abiria hewa ya ndani inaweza kufikia ile ya mlima wa mita 2,400 hivi. Hapa ndipo Nairobi inapobadilisha hesabu, na sijui ni wazazi wangapi wamewahi kuelezwa hili. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Uwanja wa Mombasa uko karibu na usawa wa bahari wenyewe. Tukisema mgandamizo wa hewa wa Mombasa ni 100, basi Nairobi ni kama 83, na ndani ya ndege ikiwa juu kabisa ni kama 75. Kwa hiyo ukitoka Nairobi, sikio linapanda kidogo tu, kutoka 83 hadi 75, halafu linashuka kwa kishindo kutoka 75 hadi 100. Ukirudi, linapanda kutoka 100 hadi 75, kisha linashuka hadi 83 pekee.

Kupanda si tatizo. Hewa ya chumbani ikitanuka hujisukumia njia yenyewe kupitia mrija ikatoka, hata mtoto asipomeza. Kazi iko kwenye kushuka, kwa sababu hewa inapaswa kurudi ndani na mrija haufunguki wenyewe kwa upande huo. Lazima misuli iuvute. Mrija usipofunguka, hewa ya nje hukisukuma kiwambo kwa ndani kama ile chupa iliyobonyea, nacho kina mishipa mingi ya fahamu. Hayo ndiyo maumivu aliyoyapigia mayowe binti yako Desemba. Na tofauti ya hewa ikizidi kiasi fulani, mrija hubanwa ukafungika kabisa, hata umpe mtoto maji lita moja hautafunguka kwa urahisi. Ndiyo maana juisi inayotolewa mtoto akishaanza kulia huwa imechelewa.

Basi safari yenu ya kwenda ndiyo mtihani. Ya kurudi ni nyepesi mara kadhaa. Weka hilo akilini, nitalirudia tukifika kwa baba yake na treni.

Kuhusu maji yaliyobaki sikioni, wengi hudhani ndiyo hatari kubwa ndani ya ndege. Si hivyo. Maji hayatanuki wala hayabanwi kama hewa. Sikio ambalo chumba chake kimejaa maji kabisa halina hewa ya kubanwa, na mara nyingi mtoto wa namna hiyo husafiri bila hata kulalamika. Chupa iliyojaa maji haibonyei kwa kushuka Mombasa. Ninaowahofia zaidi ni walio katikati, wanaoelekea kupona: maji yamepungua, hewa imeanza kurudi, ila mrija bado umevimba na haujapata nguvu. Binti yako, siku tisa baada ya dawa, huenda yuko hapo. Kwa hiyo usishangae ikiwa mwezi uliopita sikio bovu lisingemsumbua angani lakini sasa linapopona likamsumbua kidogo. Pia kumbuka ana masikio mawili. Sikio la kulia, lenye hewa tele, ndilo linaloweza kuuma zaidi akiwa na mafua, ingawa nyote mnaliangalia la kushoto.

Na je, kiwambo kitapasuka? Jirani yako anakupenda, na hofu yake haikutoka hewani, kwa sababu viwambo vimewahi kupasuka ndegeni. Lakini ni nadra, na hata kikipasuka kwa namna hiyo, kwa kawaida tundu ni dogo na hujifunga lenyewe baada ya wiki chache. Cha Julai kilipasuka, ndipo usaha ukatoka. Na ikiwa daktari ameona maji nyuma yake na usaha umekauka, maana yake kimeshajifunga. Kiwambo ni ngozi hai, hujiunga kama jeraha lingine. Kumwambia mama kwamba safari moja ya ndege itamfanya mtoto kiziwi ni kumtwisha mzigo ambao si wake.

Ile dawa ya kumlaza, mama, tafadhali usiinunue. Nyingi ya dawa hizo ni za mzio, zinazoleta usingizi kama athari ya pembeni. Mtoto aliyelala fofofo hamezi mate ipasavyo, na kumeza ndiko kunakoufungua mrija. Utakuwa umemlaza wakati ule ule anapohitaji kuwa macho, naye ataamka katikati ya maumivu bila kujua yametoka wapi. Isitoshe, baadhi ya dawa hizo, promethazini ikiwa mojawapo, zinaweza kupunguza pumzi ya watoto wadogo, na wengine badala ya kulala huchachawa. Dawa za kumeza za kuzibua pua nazo zimejaribiwa kwa watoto wadogo wanaosafiri kwa ndege, na hazikupunguza maumivu ya masikio. Zilichoongeza ni kusinzia. Watu wazima hupata faida kidogo kutoka kwazo, watoto hapana. Matone ya kuzibua pua yenye dawa nisingempa mtoto wa miaka minne bila daktari kuamua. Matone ya maji ya chumvi ya puani ni sawa kabisa, na ni rahisi.

Na kwa kuwa najua safari haianzi bila shangazi mmoja kuleta ushauri wake: msimwagie mafuta ya kitunguu saumu, mafuta ya nazi wala maziwa ya mama sikioni. Kiwambo kikiwa na tundu ambalo hamlioni, vitu hivyo huingia moja kwa moja kwenye chumba cha ndani. Vikombe vya maji moto vinavyoshikiliwa masikioni havifungui mrija, ila nimewahi kutibu watoto waliounguzwa navyo.

Sasa kwa baba yake. Ana hoja, na sitaki aonekane mwoga. Treni ya SGR kutoka kituo cha Syokimau, Nairobi, hadi Miritini, Mombasa, huchukua saa tano au sita, na mita zile 1,600 mnazishuka polepole, Emali, Mtito Andei, Voi, mtoto akila mandazi na kumeza mate mara mia kadhaa bila kuambiwa. Hata mrija mvivu hupata nafasi. Ndege huishusha hewa ya ndani kwa kiasi kinachozidi hicho kwa dakika 20 hadi 30. Gari nalo hushuka taratibu, lakini saa nane au zaidi barabarani na mtoto wa miaka minne, tena barabara ile yenye malori, ni mzigo wa aina nyingine, na kwa usalama napendelea treni.

Uamuzi wangu, kama angekuwa mwanangu, ningeuweka hivi. Pua ikiwa wazi na mtoto mchangamfu, ningepanda ndege nikiwa na maandalizi nitakayokueleza. Akiwa na mafua mazito, pua imeziba na anapumulia mdomo, ningeshuka Mombasa na treni, kisha nikarudi na ndege. Safari ya kurudi, kama tulivyoona, haimdai sikio mengi. Najua tiketi ya kwenda inaweza kupotea pesa zake. Piga simu kwa kampuni ya ndege leo uulize ada ya kubadilisha tarehe, na uulize pia mapema kuhusu nafasi za treni, kwa kuwa likizo ya Agosti hujaza mabehewa. Ni heri ujue bei ya kila njia leo kuliko kuanza kuitafuta usiku wa kuamkia safari.

Lakini akipata homa mpya, au sikio likianza kuuma upya siku mbili tatu kabla ya safari, hapo jambo si ndege tena. Huo ni ugonjwa unaotaka kutibiwa kwanza. Mengi ya maambukizi hayo hupoa ndani ya siku mbili au tatu, kwa hiyo kuahirisha safari kwa siku chache au kushuka na treni akishapata nafuu kunatosha. Usimpeleke angani mtoto mwenye homa na sikio linalopwita kwa sababu tu ya tarehe ya harusi.

Kwa hali yoyote ile, nakuomba apimwe sikio siku mbili au tatu kabla ya kuondoka. Si lazima awe bingwa; daktari au afisa wa kliniki mwenye kurunzi ya kuchungulia masikio anaweza kukwambia kama kiwambo ni chekundu na kimefura, kama kuna tundu, au kama ni maji tu yaliyotulia. Wiki mbili kabla ni mapema mno, maana pua ya mtoto hubadilika kila anaporudi kutoka kucheza na wenzake.

Siku yenyewe. Mkiwa mnasubiri kuingia ndegeni mpe parasetamoli. Muda wa angani hadi Mombasa hauzidi saa moja na dawa huchukua nusu saa hadi saa kufanya kazi, kwa hiyo ukingoja ndege ianze kushuka utakuwa umechelewa. Kipimo ni miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 16 atapata miligramu 240, yaani mililita 10 za dawa yenye miligramu 120 katika kila mililita 5. Soma chupa vizuri, kwa sababu kuna zenye nguvu mara mbili ya hiyo, na usiitoe kama alipewa parasetamoli nyingine chini ya saa nne zilizopita.

Nunua kinywaji ukishapita ukaguzi. Kiwe na mrija wa kunyonyea, kwa sababu kunyonya na kumeza kwa vifundo vidogo vidogo kunafungua masikio kuliko kugugumia. Usimpe mapema. Ficha mkobani. Kama hali ya hewa ni nzuri na mmekaa upande wa kulia, mtauona Kilimanjaro. Mlima ukishaachwa nyuma, toa kinywaji, maana kushuka kuko karibu na huanza kabla hujauhisi. Akiwa amelala, mwamshe hapo, hata kama roho inakuuma kumwamsha. Amalize pakiti taratibu hadi magurudumu yaguse ardhi. Dakika chache kabla ya kutoa kinywaji, mpenge pua, tundu moja moja, bila nguvu. Mtoto wa miaka minne anaweza pia kufundishwa mchezo nyumbani: bana pua, meza mate. Anzeni leo, mkicheza, ili siku hiyo asione ni kitu kigeni. Ule mtindo wa kubana pua na kupuliza kwa nguvu usimfundishe akiwa na makamasi mazito, kwani unaweza kuyasukumia sikioni. Pipi ngumu na chingamu nisingempa katika umri huu. Ndege ikitikisika zinaweza kumkaba.

Akilia hata baada ya hayo yote, usijilaumu, na usihofu macho ya abiria wengine. Kulia kwenyewe humfanya ameze na kupanua taya, na mara nyingine ndiko kunakofungua mrija. Mshike, mwambie yataisha mkitua, kisha mpe tena kinywaji.

Mkishafika, sikio linaweza kubaki zito kwa saa kadhaa, hata siku moja mbili, kama mtu aliyezama majini. Si jambo la kukufanya ukimbie hospitali akiwa anacheza na kula. Maumivu makali yanayozidi siku moja, usaha au damu kutoka sikioni, hayo yaonyeshe kwa daktari huko huko Mombasa.

Na kuna bahari. Naitaja kwa sababu naona watoto wengi wakirudi kutoka Pwani na sikio bovu, na wazazi wakailaumu ndege ilhali ilikuwa maji. Kama yule atakayempima kabla ya safari ataona tundu, au usaha ukirudi, asiogelee wala kuzamisha kichwa. Akioga, mzibe sikio kwa pamba iliyopakwa Vaseline. Kama kiwambo kimejifunga na kuna maji ya ndani tu, kucheza ufukweni hakumdhuru, kwa sababu maji yale ya ndani hayakutoka nje wala hayatokani na kuoga.

Kwa wasomaji wengine wenye masikio ya aina nyingine: mtoto aliyewekewa grometi, yaani vile vimirija vidogo kwenye kiwambo, yuko salama kuliko sisi sote ndegeni, kwa sababu hewa inapita wazi. Mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa sikio asipande mpaka aliyempasua aruhusu, na hapo jirani wala mimi hatuna kauli. Mtoto mchanga anyonyeshwe wakati wa kushuka. Na mnaotoka uwanja wa Wilson jijini Nairobi kwa ndege ndogo za injini moja kuelekea Maasai Mara, jueni kwamba nyingi hazishindilii hewa ndani. Masikio huhisi kila mita ya kupanda na kushuka, na mtoto mwenye mafua atateseka hata safari iwe fupi.

Kuna dalili ambazo hazingoji harusi wala tiketi. Uvimbe au maumivu nyuma ya sikio, hasa sikio likisukumwa mbele likaonekana limechomoza, uso kupinda upande mmoja, kutapika pamoja na kichwa kuuma sana, shingo kukakamaa, kizunguzungu cha kumfanya ashindwe kusimama, au mtoto kuwa mlegevu na mgumu kuamka. Ukiona moja ya hizo, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku. Maambukizi ya sikio yanaweza kuingia kwenye mfupa ulio nyuma yake na kusogea karibu na ubongo, na hapo kila saa ina thamani. Usaha unaotoka zaidi ya wiki mbili pia si wa kuzoea, ingawa tumelelewa katika mitaa ambako "masikio ya mtoto hutoa usaha" lilionekana jambo la kawaida. Unatakiwa kukaushwa kwa kitambaa safi kilichosokotwa kama utambi na kutiwa matone maalumu, kabla haujala usikivu kimyakimya.

Mama, sasa niguse sentensi mbili ulizoziweka mwishoni kana kwamba ni za pembeni: anakoroma, na anaongeza sauti ya televisheni. Kwangu mimi hizo ni nzito kuliko safari. Maambukizi matatu ndani ya miezi sita ni kiwango ambacho sisi madaktari wa masikio hutaka kumwona mtoto na kujua kwa nini. Kukoroma kunanifanya niwaze adenoidi. Televisheni inanifanya niwaze kwamba maji yale yanamnyima kusikia, si kabisa, ila kama mtu anayesikiliza mazungumzo akiwa nyuma ya mlango. Mtoto wa PP1 yuko katika umri wa kudaka sauti za maneno na herufi. Akikosa nusu ya anayoyasema mwalimu, ataitwa mzembe au mkaidi, na huenda hata wewe umeshamgombeza kwa kutoitika.

Hakuna haja ya hofu hapa pia. Maji yanayobaki baada ya maambukizi hukauka yenyewe kwa watoto wengi ndani ya miezi mitatu, na ndiyo sababu mara nyingi tunangoja tukiangalia badala ya kukimbilia kisu. Antibiotiki zaidi haziyakaushi, kwa hiyo usikubali kuongezewa chupa nyingine kwa ajili ya maji peke yake. Yakipita miezi mitatu na kusikia kukiwa kumepungua, ndipo tunazungumzia grometi, na pengine kuondoa adenoidi. Kipimo cha kuonyesha kama kiwambo kinatembea, timpanometria, ni cha dakika chache na hakiumi. Cha kusikia kwa umri wake hufanywa kama mchezo: akisikia mlio, anatumbukiza kibao kwenye ndoo. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ina kliniki ya masikio, pua na koo, na hospitali kadhaa za binafsi jijini pia. Omba barua ya rufaa kwa yule atakayempima kabla ya safari, ili uwe umefanya mambo mawili kwa nauli moja.

Panga miadi ya kipimo hicho mkirudi kutoka harusini, na kuchunguzwa tena maji ifikapo Oktoba. Muhula wa tatu ukianza kabla ya majibu, mwombe mwalimu amkalishe mbele, mahali ambapo sikio la kulia limeelekea ubao, na amwite kwa jina kabla ya kumpa agizo. Nyumbani nanyi, zimeni televisheni mnapomsemesha, piga goti umwangalie usoni, kisha sema.